Nani Yuko Nyuma Kabisa

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi karibu na lango la msitu, miguu nimeinyoosha, nikawasikia wawili wenu wakigombana. Mmoja alikuwa akishuka na baiskeli, mwingine akipanda, wakakutana kwenye kona na hakuna aliyempisha mwenzake. Wa kushuka alidai changarawe ilikuwa nyingi, breki zingemtupa. Wa kupanda alidai njia ni ya anayepanda, basi. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza. Wote wawili walikuwa wamekosea, lakini sikusema neno. Mimi ni mstaafu, na mstaafu anayesahihisha watu bila kuulizwa huishia kupewa jina. Nilirudi nyumbani Kangemi, nikachukua kalamu niwaandikie ninyi waendesha baiskeli wa leo.

Jina langu ni Mwikali. Waendesha baiskeli wa zamani waliniita Mathe wa Jembe, yaani mama wa jembe. Kazi yangu ilikuwa kutunza njia za baiskeli katika ule msitu mdogo ulio bondeni, Kangemi upande mmoja na Kitisuru upande wa pili. Nilichimba, nikafyeka, nikasawazisha, nikaokota vipande vya taa na vioo vilivyobaki baada ya watu kugongana. Nilikuwa na daftari dogo mfukoni mwa aproni, na kila mgongano niliuandika: wapi, nani alikuwa akielekea wapi, udongo ulikuwa mkavu au umelowa. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu kwamba watu wakigongana, kila mmoja hukumbuka ajali yake mwenyewe, na zile ajali mbili hazifanani.

Kwanza nimalize lile la benchi. Anayepanda hupishwa kwa sababu akisimama kwenye mwinuko hawezi kuanza tena. Itabidi ashuke asukume. Anayeshuka anaweza kusimama, na kama hawezi, basi alikuwa akienda mbio kuliko macho yake. Lakini anayepanda naye ana deni la adabu. Ainue kichwa. Wengi wenu mkipanda mnatazama gurudumu la mbele kana kwamba litatoroka. Yule wa Jumamosi hakuwa ameinua kichwa tangu chini, nilimwona kwa macho yangu. Na ukimpisha mtu, weka mguu chini upande wa mlima, inamisha baiskeli kwako, mwache apite upande ulio wazi. Usimpishe kwa kusimama katikati na kutabasamu.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Njoroge, ambaye familia yao ililima upande wa Kabete tangu babu yake. Siku yangu ya kwanza nilifika na jembe jipya, nikauliza nianze kuchimba wapi. Alinipa chupa ya maji. Akasema nimwage njiani, nitazame yanakwenda wapi, kisha nimfuate kwenye kibanda cha kazi pale langoni nimwambie. Nilimwaga, nikatazama, nikarudi kumwambia yameshuka na njia. Akanirudisha. Mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba maji hayakushuka na njia yote. Yalifuata ufa mmoja mwembamba ambao magurudumu yalikuwa yameuchora watu walipofunga breki ya nyuma kwenye kona. Wiki mbili za mvua, ule ufa ungekuwa mtaro. Akaniambia, "Sasa hapo ndipo pa kuchimba. Si pale palipoharibika. Hapo panapotaka kuharibika."

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa mzizi. Palikuwa na mzizi wa mti mkubwa uliokatiza njia kwenye mteremko, na kila mtu aliulalamikia. Mzee Njoroge aliposafiri kwenda kumzika shemeji yake, nikaona nimfurahishe. Nilichukua sururu, nikaung'oa, nikajaza udongo, nikashindilia mpaka pakawa laini kama sakafu. Watu wakanisifu. Siku chache baadaye daftari langu likaanza kujaa mahali pale pale. Ule mzizi ndio uliokuwa ukiwapunguza mwendo. Mzee aliporudi hakunigombeza. Alitazama, akacheka kidogo, akaniuliza kama nina mpango wa kupaka na rangi. Kisha tukabeba mawe kutoka mtoni siku nzima, tukayapanga pale mzizi ulipokuwa.

Baada ya hapo nikajiona mjanja, nikapendekeza kengele. Kila baiskeli iwe na kengele, mtu aipige kabla ya kona, kamwe si mgongoni mwa mtu. Nilitumwa mjini, River Road, kutafuta kengele nyingi kwa pamoja. Muuzaji mmoja wa vifaa aliniletea kengele kubwa za chuma, akaniuliza mbuzi wangu ni wangapi. Nilipomwambia ni za watu, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Sawa mathe, lakini hao watu uwafunge vizuri, hizi zina kamba." Niliishia kupata zile ndogo za baiskeli katika duka la ghorofa ya pili, na mpaka leo nyingine bado zinalia pale msituni.

Lakini sehemu moja kengele haikusaidia. Sisi tuliiita Koo. Mnaijua: ile njia nyembamba yenye kingo za udongo kulia na kushoto, juu kuna mti wa mvinje ulioanguka, chini kuna daraja la mbao. Watu wawili hawapishani ndani ya Koo. Na kundi likishaanza kushuka, wa mbele akisimama, wa nyuma watamrundikia. Kwa hiyo katikati ya Koo nilichimba kijipango ukingoni, kinachotosha mtu mmoja na baiskeli yake, na tukaweka desturi. Kundi likifika juu, linapiga kelele kabla ya kuingia. Aliye ndani anayepanda anajiingiza kwenye kijipango. Wa mbele akimfikia anamwambia idadi: tuko wanne, tuko saba. Wa nyuma kabisa akimfikia anasema neno moja, "Mwisho." Neno hilo likishasemwa, Koo ni ya anayepanda mpaka atokee juu, na hakuna ruhusa ya mtu mwingine kuingia.

Desturi hiyo niliitunga mimi. Niliifundisha kundi baada ya kundi pale langoni, na nilijivunia sana. Watu waliokuwa hawasalimiani mjini walisalimiana ndani ya Koo kwa sababu ilibidi.

Aliyeitumia zaidi ya wote hakuwa mtu wa michezo. Aliitwa Mutiso, mtu wa makamo, anakaa Kangemi. Kila asubuhi alinunua sukuma wiki, dania na maparachichi sokoni, akafunga gunia kwenye keria ya ile baiskeli nzito nyeusi tunayoiita black mamba, akapita msituni kupeleka majikoni Kitisuru. Mteremko mmoja, daraja, kisha Koo, akisukuma kwa mikono miwili na kifua. Barabara kubwa ilikuwepo, ndiyo. Alikuwa ameijaribu. Kioo cha lori kilimnyang'anya gunia kwenye keria pale pasipokuwa na ukingo wa kukimbilia, na tangu siku hiyo akaapa kupita msituni tu. Vijana wa baiskeli za kisasa walimtania. Walimwuliza gia zake ni ngapi. Yeye alijibu, "Ziko mbili. Kuenda na kusukuma."

Kiongozi wa kundi la Jumamosi alikuwa Bwana Gitau, wakili mwenye ofisi katikati ya jiji, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyosimamia njia. Barua yangu ya kazi ilikuwa na sahihi yake. Mtu mpole, mwenye mpangilio. Kama kiongozi, siku zote aliendesha nyuma kabisa, ili asiache mtu. Kwa hiyo neno "mwisho" lilikuwa lake. Sidhani aliwahi kuendesha Jumamosi moja bila kulisema.

Siku ya ajali nilikuwa chini darajani nikikusanya majani kwa reki. Nilisikia kundi likipita, nikalihesabu kwa mazoea, watu watano, Bwana Gitau wa tano, wakavuka daraja wakaendelea. Kisha nikasikia chuma kikigonga chuma ndani ya Koo.

Nilimkuta Mutiso amelala juu ya dania yake, mkono ameushika kifuani. Hatua chache chini yake alikuwa kijana anayeitwa Brian, mpya katika kundi, kidevu kinavuja damu, helmeti imepasuka. Maparachichi yalikuwa yanabiringika bado. Brian alikuwa akisema, "Aki pole, buda, pole, sikukuona." Mutiso aliniambia mimi, kwa Kikamba, nimwangalizie kama baiskeli imevunjika. Baiskeli haikuwa imevunjika. Kilichovunjika ni mfupa wake wa bega.

Walipokwisha kuchukuliwa kwenda zahanati, kundi lilikuwa limerudi, na maneno yalikuwa yameanza. Huyu wa magunia ametoka kwenye kijipango kabla ya wakati. Watu wa mizigo hawajui sheria. Bwana Gitau alisema kwa sauti ya upole kwamba njia hii haikutengenezwa kwa ajili ya kubeba mboga, na labda wakati umefika kamati ilizungumzie. Kikao kingekuwa Jumamosi inayofuata, pale kibandani.

Wakaondoka. Mimi nikabaki na daftari.

Hili ndilo ninalotaka mlishike, hata kama mengine yote mtayasahau. Ajali ikitokea, usianze na maneno. Anza na udongo, kwa sababu udongo haujakutana na rafiki zake. Nilianzia kwenye kijipango. Alama ya gurudumu pana la Mutiso ilitoka pale taratibu, na pembeni yake nyayo za mtu anayesukuma, kidole gumba kimezama. Nilizifuata mpaka mahali maparachichi yalipoanzia. Hatua kumi na moja. Mtu mwenye gunia kwenye mwinuko ule hapigi hatua kumi na moja kwa pupa. Alikuwa ametoka kwa amani, na njia ilikuwa kimya.

Nikapanda mpaka juu, kwenye mvinje ulioanguka. Hapo niliona alama za magurudumu zikipinda kidogo kumkwepa mtu, na kwenye majani mapana ya pembeni palikuwa na vidole vitano vya grisi nyeusi. Mtu alikuwa amesimama hapo akarudisha cheni, akafuta mkono.

Kesho yake baada ya kanisa nilimtembelea Mutiso chumbani kwake. Mkono ulikuwa umefungwa, mke wake anamkatia ugali. Nikamwuliza bila kumwongoza: ilikuwaje? Akasema wa mbele alimwambia wako sita. Alihesabu watano. Wa tano alikuwa wakili, na wakili akasema mwisho.

"Ulihesabu watano, na uliambiwa sita," nikamwambia.

"Nilihesabu."

"Sasa mbona ukatoka?"

"Mwikali, mtu mkubwa amesema mwisho. Mimi wa sukuma wiki ni nani nimwambie hajui kuhesabu?"

Nilitembea kurudi nyumbani na lile jibu, na lilinisumbua kuliko bega lake. Nilikuwa nimewafundisha watu kuliamini neno. Sikuwa nimewafundisha kwamba kama hesabu na neno havikubaliani, hesabu ndiyo ya kufuata. Wala sikuwahi kusema kinachotokea mtu akisimama njiani. Nilidhani ni jambo la wazi.

Brian nilimpata kwa simu. Alisema cheni ilimtoka juu, Bwana Gitau akapunguza mwendo, Brian mwenyewe akampungia mkono apite, atawafikia. Alipomaliza akashuka mbio ili asiachwe. Nikamwuliza kama alipiga kelele kabla ya kuingia Koo. Akasema hapana, alidhani kundi limeshafungua njia. Nikaandika.

Jumamosi ikafika. Kamati ilikuwa ya watu wachache, wameketi kwenye viti vya plastiki, helmeti magotini. Mutiso alikuja kwa miguu, akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Bwana Gitau alisoma pendekezo: baiskeli za mizigo zisiruhusiwe tena msituni, kwa usalama wa wote, hasa wenye mizigo wenyewe. Alilisoma vizuri. Ukimsikia ungedhani anamfanyia Mutiso hisani. Nilimtazama Mutiso, nikamwona anaangalia nje, upande wa barabara kubwa.

Niliomba kusema. Mjumbe mmoja akanong'ona, lakini si kwa chini sana, kwamba bila shaka nitamtetea, si tunatoka upande mmoja. Nikamwambia ni kweli, sote wawili tunatoka Ukambani, na ndiyo sababu nitaanza na makosa yangu mimi ili asipate taabu ya kuyatafuta. Nikaeleza: desturi ya Koo ni yangu, na ina tundu. Kisha nikafungua daftari nikasoma. Hatua kumi na moja. Vidole vitano vya grisi. Wa mbele alisema sita. Nilihesabu watano darajani.

Sikumtaja mtu. Nilimgeukia Brian, kidevu chake kina plasta, nikamwuliza swali moja.

"Bwana Gitau alipokupita, ulikuwa wapi?"

"Pale kwa mti. Nilikuwa nimechuchumaa na cheni."

"Alikuona?"

Brian alimtazama Bwana Gitau kama mtu anayeomba ruhusa. "Aliniona. Aliniuliza kama niko sawa. Mimi nikamwambia aende."

Nitawaambia ukweli, niliogopa, kwa sababu nilijua sahihi iliyo kwenye barua yangu. Bwana Gitau alikuwa ameshika karatasi yake, na niliona anarudi kichwani mwake mpaka ndani ya Koo. Halikuwa jambo alilolificha. Hakulikumbuka. Midomo yake ilikuwa imesema "mwisho" peke yake, kwa mazoea, kama mtu anavyofunga mlango kisha asikumbuke kama ameufunga.

Akamwangalia Mutiso pale mlangoni. "Nilikwambia mwisho?"

"Ulisema, mkubwa."

"Na ulijua bado mmoja."

"Nilihesabu. Nikaona labda nimekosea mimi."

Bwana Gitau aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni. Akasema pendekezo limeondolewa. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa wakili: kwamba angekuwa anamtetea Mutiso mahakamani, kesi ingechukua dakika tano. Mutiso akajibu kwamba ni vizuri hawako mahakamani, kwa sababu hangeweza kumlipa hata kwa sukuma. Hapo ndipo watu walipocheka, na Mutiso akaketi.

Tukaitengeneza desturi upya siku ile ile, na Mutiso ndiye aliyesema mengi. Hii ndiyo mnayoitumia leo, kwa hiyo mjue ilikotoka. Wa nyuma kabisa hampiti mtu. Mwenzako akisimama, wewe wa nyuma unasimama naye, hata akikupungia mkono mpaka uchoke kuutazama. Wa mbele akisema idadi, anayengoja anahesabu kwa sauti, kila anayepita anasikia namba yake. Namba na neno visipokutana, hakuna anayetoka kwenye kijipango, na mwenye sukuma wiki ana haki ya kumwambia mwenye ofisi: rudi uhesabu watu wako. Nilisimama langoni nikaifundisha mpaka sauti ikakauka. Katika miaka yote niliyobaki kazini, daftari langu halikuandika tena mgongano ndani ya Koo. Nimefanya kazi nyingi kwa mikono hii, lakini hiyo ndiyo ninayoitaja mtu akiniuliza nilikuwa nafanya nini msituni.

Mutiso alirudi bega lilipopona. Nilikuwa ndani ya Koo nikipunguza ukingo, nikamwona akija na gunia nusu, anasukuma polepole, uso umejaa jasho. Juu kukapigwa kelele. Akajiingiza kwenye kijipango. Wa mbele akasema, tuko wanane. Mutiso akaanza kuhesabu, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona: moja, mbili, tatu. Alipofika saba, pakatulia. Alingoja. Mimi nikaacha jembe. Hakuna aliyekuja.

Tukasikia mtu akiongea kule juu, kisha baiskeli mbili zikishuka taratibu. Alikuwa wa nane, na nyuma yake Bwana Gitau, ambaye alikuwa amemngojea afunge kiatu.

"Nane," Mutiso akasema. Kisha akamtazama wakili. "Na wewe ni tisa. Wa mbele wako hajui hesabu, mkubwa. Mrudishe shule."

Bwana Gitau akacheka, akasimama. "Ni kweli, hakunihesabu. Mwisho," akasema. Akateremka kwenye baiskeli yake ya bei, akailaza ukingoni, akaja nyuma ya ile black mamba akaweka mikono miwili kwenye gunia ili asaidie kusukuma. Viatu vyake vilikuwa vya kuendeshea, vyenye chuma chini, vikateleza. Gunia likaanza kuinama upande mmoja.

Mutiso alifunga breki, akageuka. "Wakili," akasema, "sukuma katikati. Hilo bega lingine bado nalitumia."

Wakapanda hivyo mpaka juu, taratibu, na wale wanane wakiwa wamesimama darajani wakingoja mtu wao.